Nani Hakufunga Banda?



Najua wapo watakaosema kwamba safari hii mwandishi wenu amekosa la kuandika, hata ameamua kuwaletea habari za jogoo aliyeliwa. Naomba mnivumilie. Katika nyumba nyingi tunazozifahamu, jogoo si kitoweo kinachosubiri Krismasi tu. Ndiye saa ya nyumba, ndiye baba wa vifaranga, na mara nyingi ndiye rafiki wa mtoto mmoja aliyemlea tangu akiwa mdogo, akampa jina, na humlisha makombo ya ugali mkononi. Siku jogoo huyo anapokutwa amekufa, au yanapokutwa manyoya tu na damu, hasara si jambo pekee linaloingia ndani ya nyumba. Linaingia pia swali, tena huulizwa kwa sauti kubwa kabla hata chai haijachemka: "Nani hakufunga banda jana?"

Leo nataka tuliangalie swali hilo, kwani nimeona jinsi linavyoweza kuumiza kuliko hasara yenyewe.

Kwanza tumpe jogoo heshima yake. Wapo wanaodhani kazi yake ni kuwika na kupanda mitetea, basi. Kaa kibarazani nusu saa umwangalie. Akipata mdudu mnono hali peke yake. Humwinua na kumwangusha huku akitoa sauti ya kuita, na mitetea huja mbio. Akiona mwewe angani hutoa sauti moja, na akiona mbwa au nyoka chini hutoa sauti nyingine kabisa. Mitetea wanajua tofauti. Kwa sauti ya mwewe wanakimbilia chini ya mgomba na kutulia kimya. Kwa sauti ya mbwa wanasimama wima na kuangalia huku na huku. Mitetea hutaga hata bila jogoo, hilo ni kweli, lakini mayai hayo hayatotoi, na kundi lisilo na jogoo hutembea bila mlinzi.

Lakini ulinzi huo ni wa mchana. Macho ya kuku hayakuumbwa kwa ajili ya giza. Jua likishazama, yule shujaa aliyemfukuza mbwa wa jirani anakaa juu ya fito lake kama mtu aliyefungwa kitambaa usoni. Ndiyo maana wanyama wengi wanaokula kuku huja usiku, na ndiyo maana jogoo mkubwa, mwenye nguvu kuliko adui yake, hufa bila hata kupigana.

Jirani yangu hapa Iringa, mahali ambapo milima ya mawe imekaribia kabisa nyumba zetu, alikuwa na jogoo wa namna hiyo. Alikuwa kuchi, mrefu, mwekundu shingoni na mweusi mkiani. Mtoto wa jirani yangu, kijana wa darasa la nne, alipewa na bibi yake Singida, akasafiri naye ndani ya basi akiwa kifaranga kwenye boksi lililotobolewa matundu. Akamwita Jemedari. Kazi ya kijana huyo kila jioni ilikuwa kuhesabu kuku, kufunga mlango wa banda na kusukuma komeo.

Asubuhi moja ya mwezi wa saba, katika ule ubaridi wetu, Jemedari hakuwika. Mama mtu alitangulia kwenda bandani. Akalikuta komeo limefungwa, akalifungua, akaona. Jemedari alikuwa chini, hana kichwa, kifua kimeliwa upande mmoja. Mitetea watatu walikuwa juu kabisa ya fito, wazima lakini wamejikunja. Mama akarudi ndani kumwamsha mume wake. Baba alipofika alichokiona yeye kilikuwa mlango ulio wazi, jogoo aliyekufa na mtoto aliyesimama analia. Akauliza lile swali. Mtoto akajibu, "Nilifunga, baba." Akaulizwa tena kwa ukali. Mara ya tatu mtoto akasema, "Labda nilisahau."

Mama zangu, hapo ndipo moyo wangu uliposhtuka niliposimuliwa. Mtoto alikuwa amefunga. Alijua kwamba amefunga. Lakini woga na huzuni vikikutana ndani ya mtoto wa miaka kumi, huanza kutilia shaka hata mkono wake mwenyewe. Kama angepigwa siku ile, angekua akiamini kwamba yeye ndiye aliyemuua rafiki yake. Bahati njema mama yake hakunyamaza. Alisema kwa upole, bila kumwaibisha mume wake mbele ya mtoto, "Baba, mlango nimefungua mimi sasa hivi. Komeo lilikuwa mahali pake. Hebu twende tuangalie nyuma." Baba huyu ni mtu mwenye hofu ya Mungu. Akaiweka fimbo chini, wakaenda wote watatu.

Nyuma ya banda, pale ubao wa juu unapokutana na bati, palikuwa na mwanya wa kupitisha ngumi. Kwenye ncha ya ubao zilinasa nywele fupi za kijivu. Kwenye ukuta kulikuwa na alama za udongo zinazopanda juu, ndogo kama za paka. Alikuwa kanu. (Wasomaji wetu wa Kenya wasicheke. Ni mnyama mwembamba mwenye madoadoa na mkia mrefu wa mapete, na ni jambo la ajabu kwamba chama chenye jina lililofanana na lake kimechagua alama ya jogoo.) Kanu mzima ana uzito wa kilo 2 hivi, pengine pungufu ya Jemedari mwenyewe. Mchana asingethubutu.

Sasa niwaonyeshe jambo ambalo tunalipita haraka tunapoisoma Biblia. Fungueni Kutoka 22, kuanzia mstari wa 10. Pale Mungu anawapa Waisraeli sheria kuhusu mtu aliyekabidhiwa mnyama wa mwenzake amtunze. Mnyama akiibwa, kuna hesabu yake. Lakini akiwa ameraruliwa na mnyama wa mwitu, mstari wa 13 unamwambia mtunzaji ayalete mabaki yawe ushahidi, naye hatalipa. Ndiyo maana Amosi, aliyekuwa mchungaji kabla ya kuwa nabii, anamtaja katika sura ya 3 mchungaji anayepokonya miguu miwili au kipande cha sikio kinywani mwa simba. Kipande cha sikio cha nini, jamani? Hakiliki, hakiuziki. Kilikuwa cha kumwonyesha mwenye mali kwamba mchungaji hakulala wala hakuiba. Na Yakobo anapomlalamikia Labani katika Mwanzo 31:39, moja ya uchungu wake ni huu, kwamba mnyama aliyeraruliwa alihesabiwa ni deni lake yeye. Labani hakutaka kuona mabaki. Alitaka kulipwa tu.

Watoto wetu ni wachungaji wadogo tuliowakabidhi mali. Wanastahili angalau sheria ile waliyopewa wachungaji wa jangwani: mabaki yaangaliwe kwanza.

Na mabaki husema, ukijua kuyasoma. Kanu huingia kwa juu au kwenye upenyo, huuma shingo, aghalabu hula kichwa na kifua, na humwacha jogoo mkubwa palepale kwa sababu hawezi kumtoa kwenye tundu aliloingilia. Kicheche, yule mweusi mwenye milia myeupe mgongoni, hupenda kuchimba na kuacha harufu ambayo hutaisahau kwa wiki nzima. Nyegere ni jambazi wa aina nyingine. Hang'ang'anii mwanya, hung'oa mbao, hufukua chini ya ukuta, na asubuhi unaweza kukuta kundi zima limelala chini. Mbwa naye huua wengi na kuwaacha wametapakaa uani bila kuwala, manyoya yakiwa yamelowa mate. Nguchiro wengi hutembea mchana, na zaidi hutafuta mayai na vifaranga. Ukikuta maganda yaliyovunjwa yametawanyika, mfikirie yeye, au kenge kama unakaa karibu na maji. Mwewe ni wa mchana pia, huchukua vifaranga, na si rahisi ambebe jogoo mzima hata watoto wakisema wamemwona. Siafu hawavunji kitu. Huingia usiku kwa maelfu, na kuku anayeatamia, ambaye hataki kuacha mayai yake, ndiye hufa kwanza. Na kama hakuna unyoya hata mmoja, hakuna tone la damu, na komeo limefunguliwa vizuri kabisa, basi mnyama huyo ana miguu miwili na pengine mnasalimiana.

Watu huuliza kwa nini mnyama mmoja aue kuku kumi na kula mmoja tu, wakasema ni uchawi au ni roho mbaya. Si hivyo. Porini ndege mmoja akikamatwa wengine huruka wakaenda zao. Ndani ya banda hawana pa kwenda. Hupiga mabawa na kupiga kelele mbele ya macho ya mwindaji, naye hushika kila kinachoruka mpaka kinyamaze. Tafadhali, pasiwepo mtu wa kumtazama shangazi au mke mwenza wa mtu kwa jicho baya kwa sababu ya kazi ya nyegere.

Baada ya kujua mwizi ameingilia wapi, ndipo tuzungumze habari ya banda. Ule wavu mwepesi wa kuku tunaouziwa madukani humzuia kuku asitoke, lakini haumzuii mnyama asiingie. Meno na kucha huupasua. Madirishani weka wavu mgumu wenye matundu ambayo kidole gumba hakipiti. Ziba kila mwanya kati ya ukuta na bati, maana mahali kichwa cha kanu kinapopita, mwili nao utapita. Banda la ardhini lizungushiwe mawe yaliyofukiwa kwenda chini kama sentimita 30 au zaidi, ili anayechimba akutane na jiwe. Kama uwezo upo, banda lililoinuliwa juu ya nguzo kiasi cha mita 1, nguzo zikavishwa bati laini, huwasumbua sana wanaopanda. Nguzo hizo zikisimama ndani ya makopo yenye oili chafu, siafu nao hupata kazi. Fito za kulalia ziwe mbali na wavu, kwani jogoo anayelala ameegemea wavu huvutwa vipande vipande kutoka nje. Komeo liwe na pini au kufuli, si kamba. Wala usitege sumu ndani ya nyama. Utaua mbwa wako, utaua paka wa jirani, na Mungu apishe mbali, kuna watoto wanaookota kila kitu.

Neno moja juu ya mzoga. Msiule. Najua maisha ni magumu na jogoo ni nyama, lakini aliyeumwa na mnyama wa mwitu usiku kucha hafai mezani. Hata Waisraeli walikatazwa nyama iliyoraruliwa, katika sura ileile ya 22 mstari wa 31. Wanyama hawa, na mbwa pia, waweza kuwa na kichaa cha mbwa, na ugonjwa huo hukaa katika mate yao. Shikeni mzoga kwa mfuko wa nailoni mkononi, mfukieni kwenda chini sana ili asifukuliwe. Mtu akiumwa au kukwaruzwa na mnyama, oshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo kwa ajili ya chanjo. Kichaa cha mbwa kikishaanza kuonyesha dalili, tiba hakuna.

Turudi kwa mtoto, maana banda likishazibwa, yeye bado analia. Wengi wetu tumezoea kumwambia, "Nyamaza, ni kuku tu, tutanunua mwingine." Sidhani Nathani nabii angesema hivyo. Alipotaka kuuvunja moyo wa mfalme Daudi, katika 2 Samweli 12, alimsimulia habari za maskini mwenye kondoo mmoja aliyekua pamoja na watoto wake, akila chakula cha mwenyewe na kulala kifuani pake. Daudi, aliyewahi kuchunga, hakucheka wala hakusema ni kondoo tu. Aliwaka hasira. Kumpenda mnyama mmoja kati ya wengi si upumbavu wa kitoto, na Biblia haijaona aibu kuutaja upendo huo.

Kisha litakuja swali la usiku, wakati wa sala. Kijana wa jirani yangu aliliuliza hivi: "Mama, jana si tuliomba Mungu atulinde? Mbona Jemedari hakulindwa?" Wamama wengine hukimbilia kujibu kwamba Mungu alimhitaji, au kwamba mtoto alikuwa na makosa. Ninawasihi, msimfanye Mungu mwizi wa kuku, wala msimfanye mtoto aogope kila kinachokufa uani. Zaburi ya 104 inasema kwamba hata wanasimba wanatafuta chakula chao kwa Mungu. Kanu naye ana tumbo, na pengine ana watoto kwenye pango la mawe. Si shetani. Na yale maneno ya Bwana Yesu juu ya shomoro, katika Mathayo 10 na Luka 12, tuyasome vizuri. Hakuahidi kwamba shomoro hawataanguka. Wanaanguka. Alichosema ni kwamba hawaanguki bila Baba, na hasahauliki hata mmoja. Mama yule alimjibu mtoto wake kwa kifupi kwamba Mungu anamfahamu Jemedari, na kwamba kulia kunaruhusiwa. Mimi ningeishia hapo hapo. Mtoto akiuliza kama kuku huenda mbinguni, mwambie Biblia haikutueleza hilo, na kwamba aliyewaumba ni mwema.

Kwa wale wanaopenda kuwafundisha watoto neno wakati kama huu, ipo Luka 13. Sote tunaipenda ile picha ya kuku anayekusanya vifaranga chini ya mbawa zake. Wahubiri wetu mara nyingi huisoma peke yake. Angalieni mistari miwili iliyotangulia: Yesu ametoka kumwita Herode mbweha. Kwa hiyo anapojifananisha na kuku, mbweha yupo tayari nje ya ua. Kuku hana meno wala kucha za kupigana naye. Ana mwili wake tu wa kuweka katikati. Mtoto aliyeona banda lenye damu ataielewa sura hiyo kuliko mwanafunzi wa chuo cha Biblia.

Sasa niwape habari ambayo kina mama wengi hawaijui, na ambayo ilileta furaha kwa jirani yangu. Mbegu ya jogoo hukaa ndani ya mwili wa mtetea kwa muda baada ya kupandwa. Kwa hiyo jogoo akifa leo, mayai yanayotagwa kwa siku kumi zinazofuata, mara nyingi hata wiki mbili, bado yanaweza kutotoa. Kusanya mayai hayo kila siku, weka mahali penye ubaridi na kivuli, yageuze mara moja kwa siku, yasizidi siku saba hadi kumi kabla ya kuatamiwa, na umtafute kuku aliye tayari kuatamia, wako au wa kuazima. Mama yule alipata mayai 11 toka kwa wale mitetea watatu. Kijana aliandika tarehe juu ya kila yai kwa penseli. Baada ya siku 21 wakatotolewa vifaranga 8, na wawili kati yao wana miguu mirefu ya kuchi. Baba mtu ndiye aliyetengeneza sanduku la kuatamia, kwa mbao zilizobaki alipokuwa akiziba ule mwanya.

Hata hivyo jogoo wa kundi asitoke katika vifaranga hao, kwani atapanda mama zake na dada zake na kizazi kitadhoofika. Mmoja wao badilishaneni na mtu wa mtaa mwingine. Jogoo mgeni mtengeni peke yake wiki mbili, mwangalieni kama anakohoa au anaharisha, hakikisheni kuku wote wamechanjwa mdondo, na chanjo hiyo irudiwe kila miezi mitatu. Siku ya kumwingiza bandani, mwekeni kwenye fito usiku, wengine wakiwa wamelala; asubuhi ugomvi huwa mdogo. Jogoo mmoja anatosha mitetea minane hadi kumi.

Habari ya jina mwachieni mtoto. Akitaka kumpa mgeni jina la yule aliyekufa, sawa. Akitaka jina jipya, sawa. Yule aliyeletwa kwa jirani yangu ni mweupe, anawika vizuri sana kuanzia saa kumi ya usiku, na mpaka leo anaitwa "jogoo" tu.